Mbona kupanga likizo kunanichosha kuliko kazi yenyewe?

MamaImani_Donholm

Wadau, nijibuni bila kunicheka. Jana saa tano usiku nilikuwa jikoni na daftari la hesabu la mtoto, nimechora mstari katikati: huku nauli, kule nyumba, chini chakula. Tunaenda Diani kule pwani siku sita, tuko watano: mimi, Baba Imani, watoto wawili na mama mkwe. Hii ndiyo raha niliyoisubiri tangu Januari, na moyo unanidunda kama mtu anayengoja majibu ya maabara.

Hebu niwaeleze habari ya kitambulisho. Kukata tiketi ya treni unahitaji namba ya kitambulisho ya kila mtu mzima. Ya mama mkwe sikuwa nayo. Yeye yuko Bungoma, na simu yake ilikuwa dukani inachajiwa. Nikampigia mwenye duka, akamtuma mtoto, mtoto akarudi na namba imeandikwa kiganjani. Nikaiingiza, ikakataa. Kumbe ile 6 ilikuwa 0. Tulipokuja kuelewana, menyu ya simu ilikuwa imejifunga. Nikaanza upya, nikakuta nafasi za tarehe 22 zimeisha, zile za 1,500 na hata zile za bei ya juu ambazo nilikuwa nazikwepa. Nikainua macho. Baba Imani alikuwa anatazama mpira. Akaniambia, tena kwa upole kabisa, "Mama Imani, wewe panga tu, mimi popote niko sawa."

Popote ni wapi? Kuna kituo kinaitwa Popote kati ya Mtito Andei na Voi? Machozi yalinitoka hapo hapo, naye akadhani ni kitunguu.

Mwaka juzi nilipanga Naivasha, Aprili, kwa sababu bei zilikuwa chini. Masika hayakutupa hata saa mbili. Watoto walitazama katuni chumbani siku tatu, na mama mkwe, akiwa dirishani na kikombe chake cha chai, akasema, "Kumbe ni mvua tu. Ya kwetu hunyesha bure." Mpaka leo ile inaitwa "safari ya Mama Imani". Ya Nakuru iliyofana inaitwa "ile tulienda Nakuru".

Ni mimi tu, ama?

KijanaWaRongai

Pole mama. Sisi tulikuwa na kikundi cha WhatsApp cha watu kumi na mmoja, Diani hiyo hiyo. Tulijadiliana miezi mitatu, mpaka rangi ya fulana tukachagua. Siku ya kutuma pesa tukatuma wawili, mimi na dada wa mtu fulani ambaye hata simjui. Siku hizi nabeba begi Ijumaa, naondoka. Usipange, nenda tu.

MamaImani_Donholm

Kijana, nenda tu na mtoto wa miaka minne na mama mkwe mwenye presha, halafu uje utusimulie.

Mzee_KahawaWest

Binti yangu, wakati wetu likizo haikuwa na swali. Ulikuwa unaenda nyumbani. Kazi ilikuwa kugombania kiti pale kituo cha mabasi cha Country Bus, na mikate minne, sukari kilo mbili na blanketi la mama mikononi. Mvua ikinyesha, imekunyeshea kwenu, hakuna wa kukuuliza ulichagua nini. Nyinyi mna kuchagua, na mwenye kuchagua ndiye wa kulaumiwa. Sijui kama mlifaidika.

Lakini nikuulize: likizo uliidhinishiwa lini?

MamaImani_Donholm

Tarehe 28 Novemba, mzee. Niliomba siku kumi tangu Agosti. Nikapewa sita.

Mzee_KahawaWest

Basi moyo ulianzia hapo kudunda, si kwenye tiketi. Nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwandani miaka mingi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28: siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila baada ya miezi 12 ya kazi. Mkikubaliana na mwajiri mnaweza kuzigawanya, lakini sehemu moja isipungue wiki mbili za kazi mfululizo. Watu wengi hukatiwa siku tatu tatu kama nyama iliyowakuta wageni wengi, tena huambiwa tarehe wakati nauli zimeshapanda. Januari andika barua, baki na nakala.

BintiUkunda

Dada, shikamoo ya mbali. Mimi napokea wageni kwenye nyumba za kukodisha huku Diani. Wageni wa Nairobi nawajua kabla hawajashuka garini: mama ndiye ameshika simu, na swali lake la kwanza ni kama maji ya bomba yapo. Bahari hajaiona bado.

Treni ukiikosa, mabasi yapo. Ukiipata, ukishuka stesheni ya Miritini usihangaike na feri ya Likoni. Mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, utatokea huku kusini bila kuingia mjini. Nyumba usiilipie kwa picha. Omba mtu akupigie simu ya video akiwa amesimama getini, kisha atembee mpaka ufuoni wewe ukiangalia. "Hatua chache" za wengine zinavuka barabara kuu na mitaa miwili.

Na usiandike kuogelea saa tatu asubuhi. Saa za maji hapa husogea kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, yakipwa yanakimbia mbali kabisa, hapo watoto watembee na viatu wakaone viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Yakijaa ndiyo muogelee.

Huyo Baba Imani naye mpe kitu kimoja kiwe chake mwanzo mpaka mwisho. Usimwambie "nisaidie". Anayesaidia hurudi kukuuliza kila dakika.

MamaImani_Donholm

Marahaba mdogo wangu, ingawa nilitaka kukubishia kwamba mimi siwezi kuandika kuogelea saa tatu. Nimefungua daftari. Nimeandika. Kila siku, siku sita.

Mzee, barua nitaandika.

Leo jioni nimempa Baba Imani usafiri wote, kwenda na kurudi, pamoja na daftari na kalamu. Amekaa kwenye kiti kile kile changu cha jikoni, mpira ameuzima mwenyewe. Dakika kumi hivi zimepita, nikamsikia mlangoni: "Mama Imani, kitambulisho cha mama ni namba gani?"

Ninayo kwenye simu. Nimemwambia ampigie mwenye duka.