Akaunti ya mama mhasibu inafungwa kila asubuhi, nisaidieni

FundiNguba: Wandugu, nimechoka. Ofisi yetu hapa Bukavu, upande wa Nguba, tuko na kompyuta 9 na seva moja ya Windows yenye domeni (inayosimamia akaunti zote za ofisi) na folda za pamoja. Tangu Jumatatu akaunti ya mama mhasibu inajifunga. Naifungua saa mbili asubuhi, saa tatu haijafika imefungwa tena, folda ya malipo inamkatalia. Tumeweka makosa 5, kisha kufungwa dakika 30. Anaapa hakosei nenosiri. Nimesimama nyuma yake nikamwona anaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, sawasawa kabisa. Ni virusi? Mishahara ni Ijumaa.

Kadutu_Tech: Weka 0 pale kwenye idadi ya makosa. Haitafungwa tena.

ZiwaKivu: Kadutu, huko ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama. Mtu atajaribu manenosiri usiku kucha na hakuna wa kumzuia. FundiNguba, Jumatatu alibadilisha nenosiri?

FundiNguba: Ndiyo, muda wake ulikwisha.

Mlima_Kahuzi: Umeme ulikatika? Saa ya kompyuta ikipishana na ya seva zaidi ya dakika 5, Kerberos, mfumo wa seva wa kuthibitisha anayeingia, inakataa.

ZiwaKivu: Inakataa, ila hilo halihesabiwi kosa la nenosiri, akaunti haifungwi. Kuna kifaa kinabisha hodi na nenosiri la zamani. Kwenye seva ya domeni fungua kumbukumbu za usalama, tafuta tukio 4740 (la akaunti kufungwa), utaona jina la mashine. Ikiwa ni kompyuta yake, andika `cmdkey /list` uone manenosiri yaliyohifadhiwa, ufute la seva, halafu `net use` uone folda za seva zilizounganishwa.

FundiNguba: Jamani! Jina lililotoka si la kompyuta yoyote. Ni mashine ya fotokopi ya kwenye korido. Mwaka jana nilipoiunganisha itume skani kwenye folda ya malipo, niliweka akaunti ya mama kwa haraka zangu. Asubuhi sekretari anaskani risiti, inagoma, anabonyeza tena, na tena. Nimeipa mashine akaunti yake yenyewe, inaandika kwenye folda ile moja tu. Saa hizi ni saa saba mchana, mama bado yuko ndani.

Kadutu_Tech: Umemwomba msamaha lakini?

FundiNguba: Nimemletea samaki, sambaza. Amepokea, ila hajacheka.