Tupeane uzoefu: safari yako ndefu kuliko zote ndani ya ndege

Mtoa mada
Wakuu, habari zenu. Mwezi wa saba nilimsindikiza mama New York kwa dada. Tuliunganisha Nairobi, kutoka pale ni kama kilomita 11,800 bila kutua popote, njia ambayo Kenya Airways waliifungua Oktoba 2018. Mama aliona kwenye tiketi kwenda ni masaa 15 na kurudi 14. Akaniuliza, "Kwani njia ya kurudi ni fupi?" Nikajifanya nimelala.

Leteni zenu. Mlikwenda wapi, na mwili uliwafanyaje? Mama siku tatu nzima aliamka saa nane usiku kuchemsha chai, kwa kuwa huku kwetu ilishakuwa saa tatu asubuhi.

Bint Mvita
Mwambie bi mkubwa ni upepo. Huko juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda Marekani ndege inapigana nao, kurudi inasukumwa. Mie njia hiyo naijua, na saa ya kumi ndiyo inayokutoa roho. Filamu zimekuchosha, usingizi umekata, ukitazama ramani kile kindege kiko palepale juu ya Atlantiki kama kimegandishwa na gundi.

Kariakoo Mzigo
Mimi ni Guangzhou. Ukinyoosha kutoka Dar ni kama kilomita 8,700, lakini safari ya kwanza nilipitia Dubai, ikafika karibu 9,800. Sikujali, tiketi ilikuwa nafuu. Kosa langu ni viatu: vipya, vya ngozi, vya kubana, eti naenda kuonana na wenye viwanda. Nikavivua njiani. Kutua, miguu imeumuka kama maandazi, haiingii! Nimepita uhamiaji na soksi, viatu mkononi. Siku hizi ni ndala, maji mengi, na kila baada ya muda nasimama natembea hadi nyuma kwenye choo. Kukaa tu damu inaweza kuganda miguuni, msichukulie mzaha.

Mtu wa Malindi, Unguja
Yangu fupi, Muscat, kilomita kama 3,900, masaa matano na kitu. Ila babu yangu njia hiyohiyo aliipita kwa jahazi. Walikuwa wakikaa Unguja kungoja kusi ianze ndipo watweke tanga, halafu wiki kadhaa baharini kwa tende na papa mkavu. Kurudi, wangoje kaskazi. Nilipomsimulia kuwa ndege yetu imechelewa masaa mawili nikakasirika, alicheka mpaka akakohoa.

Kariakoo Mzigo
Hahaha, babu kamaliza mjadala.

Mtoa mada
Nimemsomea mama yote. Ya upepo kayaelewa, na babu wa Unguja kampenda sana. Sasa ana swali jingine: kama kurudi tunasukumwa bure saa nzima, mbona nauli haikupungua?