Wifi ananipitia na kanga, nifanyeje?

Mgeni wa Tanga: Jamani mi Msukuma nimeolewa Tanga, kwetu mtu ukimkosea anakwambia usoni mnayamaliza, sasa wifi siku ya tatu hii anapita mlangoni kwangu na kanga ileile "Hasidi hana sababu" na salamu haitiki. Ndo nasemwa mimi?

Jibu: Ni wewe shoga, pole. Pwani jina la kanga linasema ili mdomo usitukane, si mnachota maji bomba moja? Usimuulize mbele za watu, atakana na utamuaibisha.

Jibu: Mi vijembe vinanichosha kwa kweli, bora kusema. Ila hapo mpitie shangazi wa mumeo awakalishe.

Mgeni wa Tanga: Asanteni, shangazi kasema twende wote kesho baada ya Alasiri.