MAFUNDI WA GOMA, ACHENI KUBAHATISHA KWA PESA ZETU! Pikapu inagonga mbele, mnauza beringi!

Ndugu zangu wenye pikapu za 4x4, leo nina hasira na sitaficha.

Hilux yangu ilianza kugonga mbele kulia: ko, ko, ko, kila ikipanda jiwe. Barabara za Ndosho na Katoyi mnazijua, mawe ya volkano matupu. Nikaipeleka garaji moja hapa mjini. Fundi hakulala chini, hakuweka jeki. Alitikisa bodi kwa mkono, akasema: "Papa, hiyo ni beringi." Nikalipa dola 180, beringi mbili (zile zinazofanya gurudumu lizunguke laini) na kazi. Natoka tu getini: ko, ko, ko.

Beringi iliyochoka kwa kawaida haigongi, inanguruma! Na mngurumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukikata kona kushoto, uzito unalalia gurudumu la kulia. Kama beringi ya kulia ndiyo mbovu, sauti inazidi. Hilo dereva yeyote wa mzigo analijua. Fundi mwenye garaji na wanafunzi hajui?

Nikarudi. Sasa ikawa ni amortisa, kile kinachomeza mitikisiko. Nikakataa, akaomba aendeshe mwenyewe. Hapo ndipo damu ilinichemka: akatia 4x4, magurudumu yote manne yavute, kwenye lami kavu, akakata usukani mpaka mwisho. Gari likaanza kushtuka na kuvutana. Akanigeukia: "Umeona? Difu imekufa." Jamani! Difu ni zile gia zinazoacha magurudumu yazunguke kwa mwendo tofauti, na Hilux hii haina difu ya katikati, kati ya mbele na nyuma. Ukitia 4x4, mbele na nyuma vimefungwa pamoja. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwenye lami kavu hayawezi kuteleza, basi lazima vivutane. Hata gari jipya litafanya hivyo. Na kwa hilo alitaka kuniuzia difu nzima, tena iliyotumika!

Aliyeipata shida yenyewe ni kijana anayefanya kazi kando ya barabara, hana hata kibao. Alianza kwa kulala chini ya gari. Akaweka jeki chini ya mkono wa chini, kile chuma kinachobeba gurudumu, karibu na gurudumu lenyewe, akapitisha mtaimbo chini ya tairi, akainua polepole huku vidole vya mkono mwingine viko kwenye rotile ya chini, kiungo kinachoshika gurudumu kwenye chuma hicho. Tairi likapanda, mkono wa gari ukabaki pale pale. Mpira wa rotile umechanika, grisi imejaa vumbi jeusi la lava. Nikaigusa, inakwaruza kama msasa.

Rotile ile ikichomoka, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena. Mimi napanda hadi mji wa Sake na watu nyuma juu ya magunia! Na yule bwana aliniachia gari hivyo hivyo, pesa yangu mfukoni mwake.

Kuna njia za kujua kabla ya kununua kitu. Tak-tak-tak ukikata kona kali ni kichwa cha kardani, kiungo cha mhimili unaozungusha gurudumu la mbele: chungulia upande wa ndani wa rimu, mpira unaokifunika ukichanika utaona grisi imerushwa pale. Gari likiwa na kufuli za mkono kwenye magurudumu ya mbele, weka FREE, ili magurudumu yasizungushe kardani, uendeshe. Sauti ikipotea, tafuta kwenye kardani na difu. Ikibaki, tafuta kwenye beringi, rotile na bushi, ile mipira ya kwenye viungo. Unashuku stabilaiza, fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona? Fungua viungo vyake vya pande zote mbili, uzunguke mtaani polepole usikilize. Hakuna hata moja hapo inayotaka mashine ya gharama.

Garaji inakataa kurudisha pesa, eti beringi zangu "nazo zilikuwa zimechoka". Ziko wapi basi? Hawakunionyesha hata moja. Kesho asubuhi niko pale kuzidai, nizizungushe kwa mkono mbele ya wateja wake wote. Na kama kuna anayejua garaji hapa Goma inayonyanyua gari kabla ya kutaja bei, aandike hapa chini iko mtaa gani.