Mjadala: Mkulima wa Magarini awaachie ndege ukingo?

Mwana Marafa: Vijana wanaojitolea kuhesabu ndege msitu wa Dakatcha watuomba tusilime hadi kwenye vidimbwi vya mvua, na miti ya mirihi iliyobaki shambani tusiikate mkaa. Yule mnana anayepatikana Kilifi pekee hutaga humo vidimbwini. Viota vyake wataalamu wamevijua 2013 tu. Mimi ukingo wangu nimeuacha. Nyinyi mwasemaje?

Baba Kadzo: Ukingo ndio wenye unyevu! Jua likichoma mahindi ya juu, gunia langu latoka huko chini. Na mtama ukiiva hao vijana huwa wapi? Waje alfajiri waamie ndege na wanangu.

Mwana Marafa: Baba, mnana huyu hana haja na mtama wako. Ashinda juu ya mirihi akitafuta wadudu. Anayekumaliza ni kwelea.

Baba Kadzo: Wanifundisha ndege mimi? Nimekulia dunguni, teo mkononi! Mtama ukiliwa, umeliwa.

Dada wa Sabaki: Hajakufundisha, amekujibu. Mimi naogopa sumu. Kule Kisumu mapema 2023 kwelea walipigiwa sumu ya fenthioni kwenye mpunga. Dawa ile humuua hata mwewe na bundi akila ndege waliopigiwa. Bundi akiisha, panya wa ghalani watamalizwa na nani?

Mzee wa Ganda: Bundi tena! Akilia juu ya paa langu hapambazukiwi. Mkipenda ndege, nitoleeni kwanza kunguru. Vifaranga wangu amewamaliza.

Kijana wa Shela: Mzee, shirika la wanyamapori, KWS, si walitangaza 2024 watapunguza kunguru milioni moja? Mbona hapa mjini bado weusi tupu?

Dada wa Sabaki: Kunguru yule asili yake India, na mayai ya ndege wetu ayala. Kumpunguza ni kuwalinda wengine.

Baba Kadzo: Kumbe kuua ndege kwafaa! Mgeni wa hoteli akinyang'anywa mkate na kunguru, sumu yaletwa. Mimi nikilia na mtama, naletewa daftari la kuhesabia. Niambieni nani ana thamani hapa.

Mwana Marafa: Hilo la hoteli lanichoma hata mimi, Baba. Lakini vijana hawa hawalipwi na hoteli. Ni watoto wa hapa hapa, wengine baba zao wana mashamba kama wewe.

Kijana wa Shela: Mwazungumza sumu, na kunguru afuata taka! Majaa yasipozolewa, ueni milioni, watazaliwa wengine.

Mzee wa Ganda: Taka za mjini, vifaranga vya Ganda. Haki iko wapi?

Dada wa Sabaki: Mzee wangu, banda lifunike wavu juu, vifaranga wakae ndani hadi waote manyoya.

Mzee wa Ganda: Na huo wavu, mwanangu, anunua nani?