Msaada: nimeongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) hadi GB 8, mashine inatumia 3.41 tu

Mzee wa Steshenari: Wakuu heshima kwenu. Nina kasteshenari kangu, mashine inaganda wateja wakijaa. Juzi nikashuka Kariakoo, nikachukua RAM ya GB 4 niongezee kwenye 4 iliyokuwepo. Nawasha, imeandika GB 8 zimewekwa ila zinazotumika ni 3.41! Nimepigwa? Kesho nataka nikamkabe yule dogo wa duka. Usingizi sina.

Bintimchungu: Risiti ulidai? Mnapenda vya chee halafu mnakuja kulia humu.

Fundi Kipara: Hujapigwa mkuu, ingekuwa imekufa isingesoma 8. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, utuambie imeandika Windows yako ni ya biti ngapi, 32 au 64.

Kobe Mwendokasi: Yangu iligoma hivyohivyo 2019. Nikaichomoa, nikasugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya mwanangu wa darasa la pili, ikasoma. Mtoto yuko sekondari sasa na raba bado ananidai.

Mzee wa Steshenari: Raba nimejaribu. Dogo anayo nyingine ya GB 8, nimeshamtumia nusu ya hela.

Fundi Kipara: Biti ngapi?

Mzee wa Steshenari: 32, Windows 7. Ila msiniambie nipige Windows upya, skana yangu ya kizamani haina draiva (programu ya kuiendesha) ya biti 64. Na hela ndo hivyo imeshaenda.

Fundi Kipara: Sasa hicho si ndo ungeanza nacho? Biti 32 mwisho wake anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, kila moja baiti moja, yaani GB 4, na humo humo kadi ya picha na vifaa vingine vinadai nafasi zao. Ndo maana umebaki na 3 na ushee. Weka hata 16, utabaki hapo hapo. Rudisha hiyo hela, hamisha mafaili, piga biti 64. Ikigoma na huko, ingia msconfig (programu ya mipangilio ndani ya Windows), kwenye mipangilio ya kuwasha, uone kama kuna mtu kaweka kikomo cha RAM.

Bintimchungu: Windows 7 Microsoft waliitelekeza Januari 2020, na humo una vyeti na vitambulisho vya watu. Mungu anakuona.

Jicho la Tatu: Ngojeni kwanza. Mwezi uliopita huyu huyu alisema mashine yake ina tundu moja la RAM. Hii ya pili kaichomeka wapi, mfukoni? Chai hii, tena sukari imezidi.

Mzee wa Steshenari: Ya kwanza imechomelewa kwenye bodi! Ushawahi kufungua mashine wewe?

Jicho la Tatu: Weka picha.

Mzee wa Steshenari: Simu iko chaji.

Kobe Mwendokasi: 😂😂 Sasa hapa unaandikia nini?

Mzee wa Steshenari: Mashine hiyo hiyo. Inaganda, ndo maana nachelewa kujibu.

Fundi Kipara: Hela umezuia lakini?

Mzee wa Steshenari: Dogo keshapanda bodaboda, anakuja na RAM.