Naomba ushauri: kinyanyuzi cha mikseri ndani ya kabati la jikoni kinajifunga upande mmoja

Wakuu, habari za kazi. Mafundi kabati, hasa wa Keko, naomba mnisaidie.

Kabati ni la MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18, upana wa ndani milimita 416. Kinyanyuzi, yaani kifaa cha kuinua shelfu ya mikseri kutoka ndani ya kabati na kujifunga ikifika juu, ni cha mikono miwili ya springi, kimeandikwa kilo 5 hadi 18. Mikseri ina kilo 11, shelfu ya sentimita 38 kwa 42 kama kilo 2, kwa hiyo uzito si tatizo.

Shida: shelfu ikipanda, mkono wa kulia unalia "ta!" na kujifunga, wa kushoto unabaki chini kidogo. Ukisukuma kwa kiganja nao unajifunga, ila skrubu zake tatu zimeanza kuchezacheza na tundu linatoa unga. MDF na unyevunyevu wa Dar, mnajua wenyewe.

Nimepima upya kutoka ukingo wa mbele na sakafu ya kabati, mikono iko sawa. Kona kwa kona ndiyo kuna tofauti ya milimita 4, yaani boksi limepinda. Skrubu ndefu zaidi nimeziogopa, zitatokeza kabati la pili.

Maswali:
1. Nibandike plaiwudi ya milimita 12 pande zote mbili na kupunguza shelfu, au nifunge boliti za kupenya hadi kabati la jirani?
2. Boksi linyooshwe kwanza, au kipande chembamba nyuma ya mkono wa kushoto kinatosha?

(Kujaribu bila mikseri hapana, shelfu inaruka juu kama mtego.)